Mke wa Ukutani

Mwezi uliopita nilikwenda Iyula kumzika Fundi Silwimba. Kabla ya mazishi mtoto wa kaka yake alisimama kusoma wasifu wa marehemu, akasema baba yake mdogo alikuwa mchoraji hodari, na kwamba picha yake kubwa kuliko zote ilikaa miaka mingi kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba moja ya wageni huko Tunduma. Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani upande wa wanawake, nyuma kidogo ya mjane, nikawa namtazama kisogo wakati maneno yale yanapita. Hakutikisika. Picha ile aliichora yeye mwenyewe, kuanzia kucha za miguu hadi nywele, na kwenye umati wote ule waliojua hivyo tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Nimefundisha sekondari maisha yangu yote na nimezoea kusahihisha watu bila kuombwa, lakini siku hiyo nilifunga mdomo. Niliufunga pia mwaka ule picha ilipochorwa, nikiwa na miaka ishirini na moja. Ya wazazi wangu na ya kwetu Mbebe nayaacha, maana hayana la kusaidia hapa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda chuo cha ualimu, na katika kusubiri nikapata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya Mzee Simfukwe. Wakati huo bado tulihesabiwa Mkoa wa Mbeya, lakini Tunduma ilikuwa ni ile ile: malori yamepangana mpaka usione mwisho wake, vumbi la Julai, na madereva wanaosubiri makaratasi ya forodha siku tatu, siku tano, wengine wiki nzima. Mtu anayesubiri hana kazi nyingine zaidi ya kula na kuongea. Ukumbi wa Mzee ulikuwa na meza za mbao zilizofunikwa plastiki ya maua, ndoo ya kunawia mlangoni, na dirisha dogo la jikoni lililotoa ugali, maharage, na dagaa wa ng'ambo ambao Wazambia wanawaita kapenta. Mapokezi yenyewe yalikuwa kachumba cha mbao kilichobanwa kati ya ukumbi na stoo, na mbao zile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akijikuna stoo, mimi nasikia. Mengi ninayoyajua kuhusu ndoa niliyasikia nikiwa nimekaa kwenye kachumba kile, kabla sijaolewa wala kufikiria kuolewa.

Mzee Simfukwe alikuwa mfanyabiashara na mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo asiyependa kurudia neno. Alitaka ukuta mkubwa wa ukumbi uchorwe. Nyumba nyingine zote mjini zilikuwa na simba, twiga na Mlima Kilimanjaro, na yeye alishachoka na simba. Ikatokea mgeni mmoja wa chumba namba sita, aliyekuwa anavuka kwenda Lusaka, akasahau kitabu kikubwa cha Kiingereza chenye picha za kazi za Wagiriki wa kale: vyungu, sanamu, mawe ya kuchonga. Kilikaa miezi mitatu kwenye rafu ya vitu vya wageni, mwenyewe hakurudi. Siku moja Mzee akaja nacho mapokezi, akakiweka mbele yangu. "Tumpe," akaniita kwa jina, "wewe umesoma. Hebu nifafanulie hawa ni akina nani."

Tukafungua. Kwanza alitaka kujua kama wale wanaume wa kwenye vyungu ni Waafrika, maana walikuwa weusi tii na wanawake wao weupe pee. Nikamweleza nilichosoma, kwamba ni mtindo tu wa wachoraji wao, mwanamume walimpaka nyeusi kwa kuwa anashinda juani, mwanamke nyeupe kwa kuwa anashinda ndani. "Kumbe nao walikuwa na utaratibu," akasema, akaridhika. Kilichomkera ni uchi. Mashujaa wote walikuwa uchi na wanawake wengi wamevaa hadi vifundoni. Mimi nikawaza kwamba kwenye mabango ya bia kwetu ni kinyume chake, lakini hilo si la kumwambia mzee wa kanisa. Akafunua, akafunua, mpaka akafika kwenye picha ya jiwe lililochongwa, hapo akasimama. Mwanamume mwenye ndevu amebeba mbingu mabegani, na kati ya mbingu na shingo yake pamewekwa mto uliokunjwa. Mbele yake mwanamume mwingine anamnyooshea matunda. Nyuma yake amesimama mwanamke wa gauni refu lisilo na mapambo, ameinua mkono mmoja anaisukuma mbingu isimwelemee yule mbebaji, mkono mmoja tu, na uso wake umetulia kabisa.

"Huyu ni Herakle, shujaa wao," nikasema. "Anabeba mbingu. Amempokea mwenzake kwa muda."

Mzee akacheka kidogo. "Huyu ni dereva wa lori. Madereva watampenda. Na huyu wa matunda?"

Kitabu kilisema ni jitu ambalo ndilo lenye kazi ya kubeba mbingu milele. Niliona habari ni ndefu. "Jirani yake."

"Na huyu mama?"

Maandishi chini ya picha hayakuwa na utata wowote. Yalisema ni Athena, mungu wa kike, binti wa mungu mkuu, hajaolewa wala hataolewa, na kazi yake ni kuwalinda mashujaa. Niliyasoma vizuri, Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote ndani ya nyumba ile na nilikuwa najivunia. Kisha nikamtazama Mzee. Kama ningejaribu kulisema neno "mungu wa kike" juu ya meza ile, kitabu kingefungwa, ningeambiwa nimeleta miungu ya kigeni kwenye nyumba ya Mkristo, na habari ingefika kanisani kabla ya Jumapili. Nikaona kuna njia fupi. "Ni mke wake," nikasema. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Mke mwema," na jambo likaisha. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, kwamba limeisha. Leo ninajua zaidi kidogo kuhusu wale watu wawili. Nimesoma kwamba kwenye vyungu vingine yule mungu anammiminia Herakle kinywaji, kwenye vingine anashikana naye mkono, na mwisho anampandisha gari la farasi na kumpeleka juu kwa miungu, na katika yote hayo hamdai chochote. Si mama yake, si mkewe, si hawara yake. Tunduma ya wakati ule haikuwa na mahali pa kumweka mwanamke wa namna hiyo, na kusema kweli nikitazama huku nilipo sasa, bado sipaoni.

Fundi aliyeletwa ni Silwimba. Mjini alijulikana kwa maandishi ya maduka na mabodi ya malori, mtu mpole, mrefu, anayeongea akitazama viatu vyake. Mkono wake wa kulia ulivunjika zamani ukaungwa vibaya, na kila mtu aliona ajabu kwamba mkono ule mbovu unatoa sura za watu nzuri namna ile. Aliomba jambo moja tu, ukumbi ufungwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane, kwa maelezo kwamba vumbi linaharibu rangi mbichi. Mchana wageni wakawa wanakula uani. Mkewe, Mama Neema, alikuwa akija saa nne na hotpoti ya chakula na kuondoka saa nane. Watu walimsifu, eti mke gani anamkalia mumewe kazini mpaka amalize kula. Siku ya nne nilisahau kubisha hodi, nikasukuma mlango nikiwa na birika la chai. Fundi alikuwa amechuchumaa chini anakoroga rangi kwenye kopo. Mama Neema alikuwa juu ya ngazi, khanga ameifunga kiunoni, brashi mkononi, anamtengenezea Herakle jicho la kushoto.

Halafu Fundi akaniuliza, akitazama viatu vyake, "Umeona nini, binti?"

"Sijaona kitu, Baba."

"Basi funga mlango uingie," Mama Neema akasema toka juu, "chai inapoa."

Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyewapelekea chai. Nilimwona akichora na nilimwona akiacha kuchora, na hili la pili ndilo nililolikumbuka zaidi pale mkekani. Mzee Simfukwe alikuwa na tabia ya kuja kukagua. Akibisha, Mama Neema alishuka ngazi haraka, akafuta mikono kwa mafuta ya taa, akajifunga khanga vizuri, na mlango ulipofunguliwa alikuwa amepiga magoti mbele ya mumewe na bakuli la kunawia, kama inavyomlazimu mke mwenye adabu kwetu. Fundi ananawa mikono isiyo na rangi. Mzee anatazama ukuta, anasema, "Fundi, mkono wako una baraka." Fundi anasema asante. Sikuona uchungu usoni kwa Mama Neema wakati ule, na sitaki kumwekea leo uchungu ambao sikuuona. Nilichoona ni haraka yake ya kutaka kurudi juu.

Alikuwa na jicho ambalo sijawahi kukutana nalo tena, hata kwa watu wenye shahada. Siku ya kwanza kuiona ile picha ya jiwe alicheka. "Mwanamume huyu amevaa ngata," akasema. Na kweli, ule mto uliokunjwa shingoni ulikuwa ngata, ile ile ya khanga au majani tunayojitwisha nayo ndoo. "Nani amemwekea kama si huyu wa nyuma? Mwanamume hana akili ya ngata." Fundi akajibu kwamba labda hajui hata kama kuna mtu nyuma yake, maana amempa mgongo. Mama Neema akamwambia, "Anajua. Uzito ukipungua, shingo inajua." Herakle walimvalisha kaptula ya kaki kwa agizo la Mzee, jirani wa matunda wakampa shati, na yule mwanamke alichorwa mwisho, siku nne nzima, mrefu kama mumewe wa uongo, mkono umenyooka juu. Ukweli ni kwamba alikuwa mzuri kuliko wa kwenye jiwe.

Ukumbi ulifunguliwa Jumamosi na madereva wakala wakitazama juu. Tayari walikuwa wamekizoea kile kitabu, walikuwa wakikifunua mapokezi wakisubiri chenji, na picha waliyoipenda zaidi ni ya chungu chenye shujaa mmoja anamfunga mwenzake kidonda mkononi kwa upole mwingi. Waliiita dereva na utingo wake. Kitabu kilisema wasomi wanabishana kama wale wawili walikuwa marafiki tu au zaidi ya marafiki, na hilo pia sikulitafsiri. Kuhusu ukuta, neno walilosema wote ni lile lile. "Mama ndiye anayeshika kontena," mmoja akasema. "Akitoa mkono tu, jamaa amekwisha." Mzambia mmoja wa lori la shaba akaitikia kwa Kibemba, "Uyu mwanakashi wa maka," yaani mwanamke huyu ana nguvu, akakunja mkono kuonyesha msuli, meza nzima ikacheka. Kicheko kile kilikuwa cha heri. Cha Jumapili hakikuwa hivyo. Wazee wa kanisa walikuja kula baada ya ibada, na mmoja wao akatazama ukuta kwa muda, akapangusa mdomo, akasema, "Mzee Simfukwe, kumbe hapa kwako paa linashikwa na mama." Wakacheka kistaarabu. Mke wa Mzee alikuwa dirishani pa jikoni anagawa nyama, na kila mtu mjini alijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaiendesha nyumba ile. Mzee akacheka pamoja nao, lakini ugali wake hakuumaliza.

Jumatatu asubuhi alimwita Fundi mbele yangu. Hakupandisha sauti. Mke hasimami nyuma ya mumewe kama askari, alisema, hata Wagiriki lazima walikuwa na heshima. Yule mwanamke apigishwe magoti, ashike sahani ya matunda ampe mumewe, na lile linguo la shingoni litoke, mwanamume habebi kwa ngata. Ikifika Jumamosi haijabadilika, ukuta wote utapigwa chokaa na ataitwa fundi mwingine kutoka Vwawa, na mji utaambiwa sababu. Fundi akasema, "Sawa, Mzee." Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Mzee angekuwa ameambiwa kwamba yule ni mungu, asingemtaka apige magoti, kwa sababu hata mtu asiyemwamini mungu wa mwenzake hawezi kumfikiria amepiga magoti mbele ya dereva wa kaptula. Angeweza kuufuta ukuta mzima, hilo linawezekana. Lakini kumpigisha magoti kulitokana na neno langu mimi. Nilijua hivyo pale pale, na nikaendelea kuandika jina la mgeni wa chumba namba mbili.

Mchana Fundi na mkewe wakagombana stoo. Niliwasikia kupitia ubao, na hawakupayuka, waligombana kwa sauti ya watu waliozoea kuficha.

"Ni rangi tu, Mama Neema. Rangi tu."

"Kama ni rangi tu, chora wewe."

Nilisikia kopo linasogezwa sakafuni. Kisha Fundi akasema, "Hapo umenimaliza," na Mama Neema akasema, "Nisamehe, baba. Lakini mimi magoti napiga kila siku na silalamiki. Huyu nilimsimamisha. Mikono yangu haitaki kumkunja." Fundi akamwambia kwamba wakikataa, Mzee atatangaza, na watu wakianza kuulizana kwa nini mchoraji ameshindwa kubadilisha picha yake mwenyewe, watafika mpaka kwenye mkono wake, na hakuna atakayempa kazi tena hata ya kuandika "Duka la Dawa". Aliyasema hayo bila kumlaumu. Alikuwa anasema kweli tupu.

Siku ya pili Mama Neema alikuja mapokezi peke yake, na kile kitabu kifuani. Akakifungua kwenye jiwe. "Nisomee hapa. Neno kwa neno, kwa Kiswahili."

Chuo kilikuwa bado miezi miwili, sikuwa na pengine pa kulala Tunduma zaidi ya kile chumba cha nyuma alichonipa Mzee, na kama ningemgeukia Mzee sasa nimwambie kwamba nilimdanganya mbele ya kitabu, nilijua ningelala wapi. Nikayatazama yale maandishi nikasema, "Herakle akibeba mbingu, akisaidiwa na mke wake."

Akafunua kurasa nyingine. "Huyu wa kofia ya chuma na mkuki, ni huyu huyu. Pua ile ile, kusimama kule kule. Hapa yuko na mwanamume mwingine. Na hapa mwingine. Wamempaka nyeupe kama hawa wanaoshinda ndani, lakini yeye yuko nje kwenye vita. Ni mke wa wangapi?"

"Wanafanana tu, Mama. Ni uchoraji wao."

"Tumpe."

"Abee, Mama."

"Una hakika ni mke?"

"Ndivyo kilivyoandika, Mama."

Akanitazama, wala si kwa ukali. Akafunga kitabu. "Kama ni mke," akasema, "basi atapiga magoti."

Ilimchukua siku mbili. Niliwapelekea chai, na sikukaa. Alimkunja yule mwanamke mbele ya miguu ya Herakle, akampa sahani, akautoa ule mto, na mbingu ikakaa juu ya shingo tupu. Kazi ilikuwa safi, mkono haukutetemeka hata mahali pamoja. Kwa kuwa sasa hakuna aliyemsaidia, ilibidi amwongezee Herakle mishipa shingoni na kumpindisha mgongo kidogo, la sivyo picha ingekuwa ya uongo. Mzee alifurahi sana. Madereva walitazama wiki moja wakaacha, maana haikuwa na la kubishania. Fundi alipata kazi nyingine mbili kwa sifa ya ukuta ule na zote akazikataa, kwa sababu mkewe alimwambia kwa utaratibu kabisa kwamba watu hatachora tena. Maandishi angemsaidia, watu hapana. Kabla mwaka haujaisha wakahamia Iyula kwenye kahawa. Mimi nikaenda chuo. Nyumba ile iliuzwa baadaye, ukuta ukavunjwa kupisha maduka, na nilipoambiwa nilipata ahueni ambayo mpaka leo naionea aibu.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilimkuta Mama Neema peke yake chumba cha ndani, kati ya magunia ya kahawa, anachambua maharage ya waombolezaji. Nikakaa naye, nikavuta ungo upande wangu. Nimekuwa mtu mzima, nina nywele nyeupe, lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, yule mwanamke wa ukutani hakuwa mke wa mtu. Alikuwa mungu. Kitabu kilisema hivyo, nami nilikisoma nikakielewa."

Akatoa kokoto, akaitupa. "Kwamba si mke nilijua. Hakuna mke anayesimama hivyo."

"Sasa mbona ulimpigisha magoti?"

"Ningesema mimi, nani angenisikia? Mimi nilikuwa mke wa fundi, nimekuja na hotpoti. Wewe ndiye msomi, Mzee mwenyewe anakuuliza wewe. Nilikuletea kitabu ili useme." Akachambua kidogo. "Nilikuuliza, nikakuuliza tena. Nikasema mtoto amechagua."

Nikalia. Sikutegemea kulia, lakini nililia, kamasi na machozi pamoja, kwa ajili ya mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kuwepo na kwa huyu aliyekuwepo mbele yangu na ungo. Nje nilisikia sauti za shemeji zake wakivua viatu mlangoni. Mama Neema akanitupia ncha ya khanga yake.

"Futa uso haraka," akasema. "Wakikukuta unalia namna hiyo watadhani ulikuwa na lako na mume wangu."

Nikafuta, kwa sababu kweli wangedhani hivyo.